Laptopu yako ina RAM ngapi? Chagua kihariri kwa hesabu hiyo

Kabla ya kuuliza watu wanatumia kihariri gani, yaani programu ya kuandikia maandishi na msimbo, fungua mipangilio ya laptopu yako uangalie RAM, ile kumbukumbu ya muda ambayo programu hutumia zikiwa wazi.

Ikiwa ni GB 4 na unatumia Windows, kama wengi wetu wenye laptopu za mtumba, namba moja kwangu ni Notepad++. Ni ya bure, Don Ho aliitoa mwaka 2003, na ukibofya tu imeshafunguka. Lakini ninachoipendea hasa ni mambo ya umeme. Kila baada ya sekunde 7 huweka nakala ya unachoandika, hata kama faili hujaipa jina. Betri yangu ilishakufa zamani, naishi kwa waya. Siku moja umeme ukakatika nikiwa katikati ya barua ndefu. Uliporudi nikawasha, nikakuta kichupo cha "new 1" kinanisubiri na barua yangu, imepungua nusu sentensi tu.

GB 8 kwenda juu, chukua VS Code ya Microsoft, nayo ya bure. Kwa lugha za programu kama Python na JavaScript, na kwa Git (programu ya kufuatilia mabadiliko ya msimbo), sijaona ya kuishinda. Ila ndani yake imebeba injini ileile ya kivinjari cha Chrome, kwa hiyo inakula RAM, na viongezi vyake vinakula bando. Weka unavyovihitaji tu. Ukiingia kwenye mipangilio, zima telemetry, yaani kutuma kwa Microsoft taarifa za jinsi unavyoitumia.

Ya tatu ni Sublime Text. Nyepesi, na haiogopi faili kubwa. Leseni ni dola 99, hela ndefu hiyo. Muda wa kujaribu hauna kikomo, ila kidirisha cha kukukumbusha kununua hakichoki. Kama kazi hii inakulipa, lipa. Ukiandikia Kiswahili, hakikisha kikagua tahajia cha Kiingereza kimezimwa, la sivyo ukurasa wote utajaa mistari myekundu.

Vim nimeiweka mwisho kwa sababu inachosha kujifunza, ingawa kwenye seva (kompyuta za mbali zinazoendesha tovuti) utaihitaji tu. Kutoka bila kuhifadhi ni Esc, kisha :q! na Enter. Ukiifungua bila faili inakuomba usaidie watoto maskini wa Uganda. Si utapeli. Bram Moolenaar, Mholanzi aliyeitoa mwaka 1991, alielekeza michango kwa watoto wa Kibaale, kusini mwa nchi hiyo.

Ukishauriwa kihariri cha Atom, mshauri wako kapitwa: GitHub, kampuni iliyokitengeneza, walikifunga Desemba 2022.