Toyota ATF WS kwenye Prado: oili haina kosa, kosa liko kwenye kipimo

Hii ni tathmini ya oili ya giaboksi otomatiki ya Toyota, ATF WS, kopo la bati la lita 4 lenye namba 08886-02305, ikiwa ndani ya giaboksi ya A750F ya gia tano. Giaboksi hiyo ndiyo iliyofungwa kwenye Prado nyingi za 120 na 150 zenye injini ya 4.0 ya petroli au 3.0 ya dizeli.

Usiende dukani ukiwa na neno "Prado" tu. Prado 90 otomatiki inakula Dexron, aina nyingine ya oili ya giaboksi. 2.7 nyingi zina gia nne, na 120 za mwanzo zilitoka na T-IV, oili ya Toyota iliyotangulia WS. Soma kibati cha chasisi, mstari wa TRANS/AXLE: kama pameandikwa A750F, mwulize tena muuzaji namba ya kopo, maana T-IV ya lita 4 ni 08886-01705 na zote mbili ni nyekundu. Rangi haikwambii lolote. WS ni nyepesi zaidi: kwa nyuzi 100 uzito wake wa kutiririka ni kama sentistoki 5.5, T-IV ni kama 7 (namba ndogo ni oili nyepesi). Toyota haitaki moja iwekwe mahali pa nyingine, na fundi anayesema "hydraulic ni hydraulic" mpe kazi ya breki, giaboksi mnyime.

Kwa ubora wa oili yenyewe hatuna la kulalamikia. Gia hubadilika bila mshtuko, na asubuhi ya baridi ya Njombe au Limuru gari haikawii kuingia gia. Tunachokataa ni ile sifa yake ya "oili ya maisha", eti haibadilishwi. Hata Toyota wenyewe, kwenye ratiba zao za Marekani, wanataka ibadilishwe kila maili 60,000 kwa gari linalovuta trela au kubeba mizigo mizito, yaani kama kilomita 96,000. Kwa vumbi, foleni na milima ya huku, kilomita 60,000 hadi 80,000 ni hesabu ya busara zaidi.

Usumbufu unaanza kwenye kujaza. A750F haina kijiti cha kupimia. Chini ya sampo, yaani bakuli la oili lililo chini ya giaboksi, kuna bolti mbili: ya kumwagia, inayofunguka kwa spana ya 14, na ya kipimo, inayotaka funguo ya pembe sita ya milimita 5. Bolti ya kujazia iko ubavuni, spana ya 24, na unahitaji pampu ya mkono yenye mpira mrefu, kwa sababu kopo haliwezi kumimina kule juu. Ifungue hiyo ya kujazia kwanza, kabla ya kumwaga chochote. Ikigoma umeshamwaga, gari limelala hapo.

Ukifungua ya kumwagia hutoka karibu lita 3, wakati giaboksi nzima na konveta yake (kiungo cha oili kati ya injini na giaboksi) hubeba lita 10 na ushee. Kwa hiyo kopo moja halibadilishi oili, linaichanganya tu. Makopo matatu yanatosha kumwaga na kujaza mara nne, lita tatu tatu, ukiendesha kidogo katikati na kupitisha gia zote. Ukimaliza, karibu robo tatu ya oili itakuwa mpya. Njia hii ni ya polepole, lakini tunaipendelea kuliko mashine ya kusukuma kwa presha. Ukishusha sampo, futa sumaku zake: unga laini wa kijivu ni wa kawaida, vipande vya chuma vyenye kona si vya kawaida. Badilisha filta na gasketi, kisha kaza bolti za sampo kwa Nm 4.4 tu (Nm ni kipimo cha nguvu ya kukaza). Ni kidogo mno kwa mkono uliozoea bolti za magurudumu, na ndiyo maana sampo nyingi zinavuja baada ya sevisi.

Sasa kipimo. Ndani ya tundu la kipimo kuna kibomba kifupi kilichosimama, na oili inayozidi urefu wake ndiyo inayomwagika. Gari liwe tambarare kabisa, injini ikiunguruma, AC imezimwa, na oili iwe kati ya nyuzi 35 na 45. Soma joto hilo kwa skana, kifaa cha kusoma kompyuta ya gari. Usipokuwa nayo, unganisha pini 4 na 13 kwenye soketi ya uchunguzi, washa injini, kisha peleka lever N na D kwa zamu kwa sekunde sita au zaidi. Taa ya D itawaka sekunde mbili na kuzima. Ikiwaka tena uko ndani ya kipimo, ikianza kupepesa umeshapita 45.

Hapo ndipo Dar es Salaam au Mombasa inapomshinda fundi. Mchana wa Februari sampo inaanza na nyuzi 32 hata kabla ya injini kuwashwa, kwa hiyo dirisha hilo la nyuzi kumi linafunguka na kufungika haraka. Gari lililotoka barabarani lipimwe kesho yake alfajiri. Ukipima likiwa na nyuzi 80, oili imetanuka kwa kama theluthi ya lita. Hiyo itamwagika, utafunga ukidhani umemaliza, na oili ikipoa giaboksi inabaki na upungufu. Dalili zake ni gia kuchelewa kuingia asubuhi, na injini kupanda mzunguko bila gari kusogea ukikata kona kali au ukipanda mlima. Halafu lawama anapewa WS.

Oili ikitiririka, subiri hadi iwe matone, ndipo ufunge kwa Nm 20. Isipotoka kitu, ongeza kupitia tundu la kujazia hadi idondoke. Bolti ya kumwagia nayo ni Nm 20, ya kujazia Nm 39.

Kopo hili halitaponya giaboksi iliyokwisha kuteleza. Oili nyeusi yenye harufu ya kuungua maana yake klachi za ndani zimeliwa. Na ikitoka ya waridi na mawimbi ya maziwa, usijaze WS mpya kabla ya kubadilisha rejeta: kipoza oili kilichomo ndani yake kimetoboka na maji yanaingia kwenye giaboksi.

Alama 4 kati ya 5. Moja tumeikata kwa ajili ya ile hadithi ya "oili ya maisha".