Saa ya ami na saa ya mwanawe

Ami yangu alinunua Rolex GMT-Master II yake Dubai mwaka 1995, enzi zake za melini. Namba yake ya modeli ni 16710, pete inayouzunguka uso wake nyekundu na buluu. Alipoacha bahari alinipa mimi, si mwanawe, maana mimi ndiye niliyefuata meli. Mwanawe hakununa. Alijinunulia mpya, 126710BLRO, ile iliyotoka 2018. Mwaka jana tukabadilishana kwa safari moja: Mombasa, Salalah kule Oman, Mumbai na kurudi.

Kwa mbali utadhani ni saa moja. Zote milimita 40, zote zinahimili maji mita 100, na zote zina ule ufundi unaomfanya msafiri azitake: akrabu ya saa unairusha mbele au nyuma kwa saa moja moja, sekunde zikiendelea kama kawaida, huku akrabu ya nne ikishika saa ya nyumbani. Kufika Salalah, mruko mmoja, kwisha. Mumbai ndiko zilikoshindwa zote mbili. India imetutangulia kwa saa mbili na nusu, na hiyo nusu saa hizi haziijui.

Zamu ya usiku ndiyo iliyonionyesha tofauti. Vidoti vya ya zamani vilipakwa rangi ya kung'aa gizani yenye tritiamu, dutu ya mionzi ambayo kila miaka 12 hivi nguvu yake hubaki nusu. Leo vimekuwa rangi ya samli na gizani havionekani kabisa. Mpya inawaka buluu mpaka alfajiri. Ami alipoiona alicheka: "Hiyo ni saa ama ni taa, mwanangu?"

Na mkanda. Wa zamani ni mwepesi, pingili zake zina uwazi ndani, kifungo chake kama bati. Mpya ni mzito, umeshikana, na una kipingili cha kuongeza milimita 5. Msikidharau: joto la kaskazi likivimbisha mkono, ndipo utakapokishukuru.

Niliporudi Lamu nilizijaza zote mbili ufunguo, nikazivua Ijumaa baada ya Isha, nikazitia kabatini nikaenda Kiwayu kuvua. Jumatatu saa mbili asubuhi nafungua: mpya inatembea, maana ina akiba ya saa 70 hivi. Ya ami, yenye akiba ya kama saa 50, ilikuwa imelala kwenye saa nne na robo, na akrabu ya nne ikinishuhudia kuwa ni saa nne ya usiku.

Sasa ile pete. Ya zamani ni alumini. Jua na chumvi vimeifanya nyekundu kuwa waridi na buluu kuwa kama jivu. Mpya ni kauri, haipauki. Lakini ninachokipenda kiko kwenye zote mbili, na sijamsikia mtu akikisema. Pete imeandikwa saa 24, na akrabu ya nne huizunguka mara moja kwa siku. Nyekundu inaanza kwenye 6 na kuishia kwenye 18, yaani mchana. Buluu ni usiku. London wakati wa kiangazi mgawanyo huo ni uongo mtupu, jua lingali juu saa tatu ya usiku. Hapa kwetu, karibu na ikweta, jua linachomoza na kuzama karibu na mistari hiyo mwaka mzima. Basi hesabu tu akrabu ya nne imeingia hatua ngapi ndani ya rangi: hatua moja ndani ya nyekundu ni saa moja asubuhi, mbili ndani ya buluu ni saa mbili usiku. Saa ya Kiswahili hiyo, imetengenezwa Uswisi!

Ningekuwa nanunua leo kwa kazi ya meli, ningechukua mpya, ila kwa bei ya dukani kwa wakala. Ya mtaani, kwa wanaoziuza tena, iko juu mno na silipi. Na mwenye ya zamani achunge fundi wake: mmoja aliyeisafisha yangu aliisugua kingo hadi zikawa za mviringo, na wala hakuniuliza. Chuma kikishaondoka hakirudi.

Tulirudishiana uwanjani Mkunguni, chini ya mti. Binamu aliivaa yake, kisha akautikisa mkono wangu. "Ya baba inalia kama punda mwenye njuga," akasema. Kweli, pingili zimelegea. Nimeagiza pini mpya.