Ubobezi wa tiba ya michezo Marekani: mwaka mmoja, nyota nne

Nianze na hela, maana ndilo swali la kwanza ninaloulizwa kwenye kundi la WhatsApp la tuliosoma pamoja Muhimbili. Ukimaliza ubingwa wa udaktari wa familia hapa Marekani, unaweza kuingia kazini mara moja kwa mshahara unaovuka dola 200,000 kwa mwaka. Ukienda kubobea kwenye tiba ya michezo, unabaki mwanafunzi kwa miezi 12 mingine, unalipwa kama dola 70,000, na ukishahitimu hakuna anayekuahidi nyongeza. Nilipompigia mama yangu simu Tanga na kumweleza hesabu hiyo, aliuliza nani kaniroga.

Nimemaliza, cheti ninacho, na mafunzo yale nayapa nyota nne kati ya tano. Programu niliyosomea iko Ohio. Jina naliacha, kwa kuwa baadhi ya ninaowalalamikia bado tunapishana kwenye korido.

Kwa asiyejua, huu si upasuaji. Wapasuaji wa mifupa wana njia yao. Hii ni ya sisi tusioshika kisu, tuliotoka kwenye udaktari wa familia, watoto, magonjwa ya ndani, dharura au utengamao. Unaomba mtandaoni, unahojiwa, unapanga programu kwa jinsi unavyozitaka, nazo zinawapanga waombaji, kompyuta inaoanisha, na Julai unaripoti. Mwishoni kuna mtihani wa bodi, ambao kwa fani hii ulianza mwaka 1993. Na usidhani utakuwa unatibu mastaa. Wagonjwa wengi wa kliniki ni watu kama fundi bomba ambaye bega linamnyima usingizi, au bibi anayetaka goti limfikishe kwenye harusi ya mjukuu.

Kliniki yenyewe ni nzuri sana, hasa altrasaundi. Unamwambia mgonjwa ainue mkono huku probu, kile kifaa cha mkononi cha altrasaundi, iko begani, na unaiona kano inavyopita chini ya mfupa, inakwama wapi, imechanika au la. Mwalimu wangu mmoja, mama mkali asiyecheka kabla ya saa sita mchana, hakuniruhusu kushika sindano mpaka nimtajie kila kilichoko kwenye skrini, kuanzia ngozi hadi mfupa. Kwa daktari atakayerudi kufanya kazi mahali ambapo kipimo cha picha cha MRI kinakula nauli ya basi na ada ya shule, ujuzi huu una thamani kuliko cheti.

Ila kliniki unaweza kuipata na kwingine. Unachokuja kununua hapa, kwa maoni yangu, kiko pembeni mwa uwanja, Ijumaa usiku, kwenye mechi za futiboli ya Kimarekani za shule za sekondari. Ni kule kumwambia kijana wa miaka 16, mbele ya kocha wake, baba yake na mji mzima, kwamba leo hachezi tena. Sheria iko upande wako: jimbo la Washington lilianza mwaka 2009, na kufikia 2014 majimbo yote yalikuwa na sheria yake kuhusu vijana wenye mtikisiko wa ubongo. Anayeshukiwa anatolewa, na harudi mpaka mtaalamu aandike kwamba amepona. Lakini sheria haikuambii ufanye nini kijana anapokuapia kwamba yuko sawa huku macho yake yanachelewa kukufuata. Aliyenifundisha hilo hakuwa daktari. Ni wale wataalamu wanaoshinda na timu kila siku, wanaofunga plasta na kujua nani huwa anadeka na nani huwa anaficha. Mmoja wao aliniambia nianze kwa kuchukua helmeti na kuishika mwenyewe, mazungumzo yafuate. Bila helmeti hawezi kurudi ndani. Nikikumbuka mechi nilizotazama uwanja wa Mkwakwani, Tanga, utotoni, ambapo tiba yote ilikuwa mfuko wa barafu na dawa ya kupuliza, naona umbali ulivyo mkubwa.

Hema la marathoni nalo lilinibadilisha. Mkimbiaji akianguka baada ya kuvuka mstari, mkono wa daktari wa hospitali unakimbilia dripu. Hapo unafundishwa kuuzuia. Wengi wanaoanguka pale damu imebaki miguuni kwa sababu wamesimama ghafla. Walaze, inua miguu, subiri. Anayechanganyikiwa ndiye wa kumwogopa. Pima sodiamu, yaani chumvi ya kwenye damu, kwa sababu kuna aliyekunywa maji mengi kupita kiasi, na ukimwongezea maji unamuua. Huyo anahitaji maji ya chumvi kali ya mshipani, asilimia 3, kidogo kidogo. Pima na joto, kwa njia ya haja kubwa, maana kipimo cha kwapani kinadanganya. Likivuka nyuzi 40 na akili imepotea, hicho ni kiharusi cha joto, na kanuni ni moja: poza kwanza, safirisha baadaye. Beseni la maji ya barafu, mwili mzima, ndani ya nusu saa. Gari la wagonjwa lisubiri. Nimewaandikia haya rafiki zangu wanaohudumu kwenye mbio za Kilimanjaro na Dar, maana beseni na barafu havihitaji wafadhili.

Kitu ambacho hakiko kwenye mtaala wowote ni Kiswahili. Ohio ina familia nyingi kutoka Kongo, na watoto wao wanacheza soka. Kabla ya msimu tunawapima: shinikizo la damu, moyo, historia ya ukoo. Fomu moja ilikuwa imejazwa "hapana" kila mahali. Nikamwuliza mama wa kijana kwa Kiswahili kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 50. Akasema yupo, kaka yake, alianguka akicheza mpira, lakini huyo alitupiwa, kwa hiyo si ugonjwa. Kijana akaenda kupigwa ECG, kipimo cha umeme wa moyo, na altrasaundi ya moyo, na moyo ukaonekana mzima. Ila Marc-Vivien Foé alianguka na kufa Lyon, Ufaransa, mwaka 2003 akiichezea Kameruni, na uchunguzi ukakuta misuli ya moyo iliyonenepa, ugonjwa unaoweza kurithiwa. Swali likiulizwa kwa lugha ambayo mama hatumii nyumbani, jibu ni "hapana".

Sasa nyota niliyoibania. Programu yangu ilitutumia kama vibarua. Mashindano ya mieleka ya Jumamosi, kutwa nzima, bila mwalimu hata mmoja karibu, hayo si mafunzo. Ni hospitali kujitangaza kwa jasho langu. Sikupenda pia sindano za chembe sahani, zinazotolewa kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe na kudungwa panapouma. Wagonjwa wanazilipia mfukoni, mamia ya dola, ushahidi kwa matatizo mengi bado unabishaniwa, na sisi wanafunzi tulitegemewa kuzieleza kwa tabasamu. Nilizieleza bila tabasamu.

Viza ipigiwe hesabu mapema. Ukiwa na J-1, viza ya wageni wanaokuja kwa mafunzo, muda unaongezwa kwa ajili ya ubobezi, lakini sharti la kurudi nyumbani miaka miwili, au kuomba msamaha kwa kufanya kazi kwenye eneo lenye uhaba wa madaktari, linabaki palepale. Nafasi za msamaha nilizoziona mimi zilitaka daktari wa familia wa kawaida. Tiba ya michezo ilikuwa ya kupachika Alhamisi mchana.

Aliyeko Dodoma au Kisumu na anataka tu kuihudumia timu yake vizuri, asiuze shamba. FIFA wana diploma ya tiba ya soka mtandaoni, bure, na ni nzuri kweli. Anayetaka shahada kamili, Cape Town na Pretoria wanafundisha fani hii kwa ngazi ya uzamili, na huko hutaanza na mitihani ya leseni ya Marekani.

Ukiamua kuja huku, siku ya mahojiano waachie wengine maswali kuhusu timu za kulipwa. Waulize wanafunzi wa sasa, wakiwa peke yao, nani hushika probu kliniki, mwalimu au wao, na Jumamosi ya mieleka mwalimu huwa wapi.