Nahodha afe, au astaafu kijijini Shela?

Kila nikikaa barazani hapa Lamu naulizwa lile lile na waandishi wenzangu wa riwaya: nahodha wangu anayesafiri na majini (mapepo, si maji), sasa yumo kitabu cha saba, nimuue au nimstaafishe?

Kwa jasho la kuandika, kifo ni nafuu. Sura moja ya kusi kali, jahazi linapanda mwamba, basi. Ila wasomaji hawasamehe upesi. Mwandishi Arthur Conan Doyle alimuua mpelelezi wake wa hadithini, Sherlock Holmes, mwaka 1893. Malalamiko hayakuisha, na kufikia 1903 alikuwa amemrudisha hai. Na kwenye hadithi za majini ufufuo ni hatari zaidi: ukifufua mmoja, hakuna atakayelilia maiti mwingine.

Kustaafu kunaacha mlango wazi, lakini matunzo yake! Umri, makovu, viapo vya kitabu cha pili, vyote viwe daftarini. (Wangu alikuwa chongo wa jicho la kushoto, baadaye likawa la kulia. Niliaibika.)

Kama mrithi wake, tuseme binti mshona matanga, keshapendwa, muue mzee. Kama bado jina lake ndilo linalouza, mwache Shela achokoe pweza maji yakipwa.