Helmeti ya kupandia miti: hii inabaki kichwani

Napogoa miti hapa Tabora mjini, mingi ni miembe ya zamani inayoelemea mapaa ya watu kule Isevya na Kanyenye. Miaka yote tulivaa helmeti za njano za ujenzi, zisizo na mkanda wa kidevuni. Ukiinua shingo kutazama juu, inadondoka.

Ndivyo ilivyomtokea kijana wangu wa chini, yule anayekusanya matawi mimi nikiwa juu ya mti. Alitazama juu, helmeti ikaanguka, na tawi kavu nene kama kifundo cha mkono likamshukia utosini. Akainuka, akasema, "Niko sawa kaka," akaendelea kukusanya matawi. Jioni akaniuliza mara tatu kama mwenye nyumba ameshatulipa. Halafu akaanza kutapika. Tulimkimbiza hospitali usiku uleule. Amepona, lakini yale masaa niliyomwacha abebe magogo akiwa vile yananiuma hadi leo. Mtu akigongwa kichwa, kazi inasimama hapohapo, hata akisema yuko sawa.

Basi nikanunua hii, ya wapanda milima, imegongwa chapa EN 12492 kwa ndani, yaani kiwango cha Ulaya cha helmeti za wapanda milima. Shilingi 95,000, na sikuomba kupunguziwa. Mkanda wake unashika pande nne, chini ya kidevu unafungwa kwa bizimu, na nyuma kuna gurudumu dogo la kukaza. Nimening'inia kichwa chini kwenye mwembe nikikata kwa chensoo, haikusogea hata kidogo. Mkanda wa zile za ujenzi, hata ukiwepo, kwa kawaida umetengenezwa uachie ukivutwa kwa nguvu. Ukidondoka kutoka mtini, helmeti inaweza kutangulia bila wewe.

Kasoro zipo. Matundu ya hewa ni madogo, na Oktoba jua la Tabora linakupika. Kitambaa cha paji la uso kinanuka baada ya siku tatu, na muuzaji hana cha akiba. Tena alikuwa amezipanga nje, juani, ambako plastiki huchoka taratibu; dai ya ndani ya boksi, na usome mwezi na mwaka uliochapwa ndani ya kofia.

Mwezi uliopita tawi liliipiga yangu. Nje haina ufa, ila povu gumu la ndani limebonyea, halikingi tena, kwa hiyo nimeipasua kwa shoka asije mtu akaiokota. Jumamosi nachukua mbili: yangu, na ya kijana wa chini.