"Spika si halua," aliniambia

Naanza na neno hilo kwa sababu ndilo lililoniharibia kila kitu, hata kabla mzigo haujapanda basi. Nilikwenda Malindi miezi kadhaa iliyopita, kama si kabla ya Maulidi basi baada yake kidogo, kutafuta spika mbili za nyuma za kukamilisha seti yangu ya sauti ya televisheni. Za mbele ninazo, ya katikati ninayo, sabufa ninayo na majirani wote wanaijua. Zilibaki hizo mbili tu, ambazo zikikosekana mvua ya kwenye filamu inanyeshea televisheni peke yake, wewe kwenye kochi uko kiangazi.

Nikaingia duka moja, silitaji. Nikamwambia muuzaji kwa adabu zangu zote, "Bwana, naomba nizisikie kwanza." Hakuinua hata macho kwenye simu. "Spika si halua," akasema, "hazionjwi." Vijana wawili waliokuwa wakipanga maboksi wakaangua kicheko. Mimi baba wa watoto watatu, nimetoka Amu, kisiwani Lamu, alfajiri, nimevuka kwa boti hadi Mokowe, nimekaa kwenye basi Witu hadi Garsen mpaka kiuno kimekufa ganzi, halafu nachekwa na vitoto. Na muuza halua, kwa taarifa yake, hukukatia kipande ukaonja, akakupa na kahawa juu yake, hata usiponunua.

Nikalipa. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Labda ni uchovu, labda niliogopa kurudi mikono mitupu maana nyumbani nilishatamba.

Sasa, kosa lake kubwa si ule mdomo. Kosa ni kwamba hakuniuliza chumba changu kikoje. Swali moja tu! Nyumba yetu ni ya mawe, ya zamani, na vyumba vya nyumba hizo ni virefu na vyembamba, kwa sababu wazee waliezeka dari kwa boriti za mikoko, na boriti haivuki pale mti ulipoishia. Ukikaa kochini, ukuta wa kulia unaufikia kwa fimbo na wa kushoto vivyo hivyo. Spika ya kawaida ukiitundika hapo inakupigia kelele sikioni kama kondakta wa matatu. Zipo spika zilizotengenezwa makusudi kwa kuta za karibu, zina midomo miwili, mmoja unatazama mbele na mwingine nyuma, sauti ikaenea chumbani badala ya kukuchoma. Hayo nimeyajua baadaye. Yeye aliniuzia zenye mdomo mmoja na tundu la kupumulia mgongoni, akanisifia ukubwa wake.

Nami nikajiona mjanja, nikaziweka ndani ya zidaka, vile vishubaka vya ukutani. Kwa macho zilipendeza, nakiri. Lakini spika inayopumulia mgongoni ukiisukumiza kwenye kidaka ni sawa na kuikaba koo. Siku ya mpira mashabiki walikuwa wakishangilia kama waliofungiwa ndani ya mtungi. Mama akanyamaza dakika kumi, kisha akaniita nije, "Ndoo uzime, mwanangu. Hao watu wanazama."

Nikazitoa, nikatoboa ukuta. Aliyewahi kutoboa ukuta wa matumbawe na chokaa anajua: unataka tundu la msumari, unapata tundu la kupita paka, na unga mpaka kwenye chai. Mwishowe zikakaa pale zinapotakiwa, nyuma ya mabega kidogo, kama nyuzi 110 ukihesabu kutoka televisheni ilipo, na juu ya sikio kidogo. Bado sauti ilikuwa nyembamba, haina nyama. Nikamlaani yule bwana.

Wiki chache baadaye ile ya kushoto ikaanza kukoroma. Nikampigia simu. "Ni chumvi ya huko kwenu," akasema. Nikamwambia zimekaa ndani, hazijaoga baharini. "Basi muulize punda aliyezibeba," akakata.

Sikatai, chumvi inakula. Waya wa shaba ukiachwa wazi huku kwetu unageuka kijani, ndiyo maana mimi huukata ncha na kuuchuna upya kila mara. Lakini wiki chache? Nikampelekea fundi wa mtaa wa Langoni. Akafungua kwa bisibisi, akaniita nitazame kwa tochi ya simu. Waya unaokwenda kwenye koni, ule mdomo unaotoa sauti, ulikuwa umekatika siku nyingi, ukaungwa kwa risasi vibaya vibaya na kuzungushiwa tepu nyeusi, na ile tepu ilishashika vumbi. Mtu alishawahi kuifungua, akaifunga, ikarudi kwenye boksi kama mpya. Ndipo nikaelewa kwa nini hazionjwi! Pale pale nikaapa kuwaambia watu wote wasinunue, si duka hilo, si spika hizo, bora hata wakae na redio.

Fundi akaiunga robo saa haikufika. Kisha akaja nyumbani kuzijaribu, akazunguka nyuma ya ile ya kulia, akacheka peke yake. Waya mwekundu nilikuwa nimeuweka kwenye kishikio cheusi, na mweusi kwenye chekundu. Spika moja inasukuma wakati mwenzake anavuta, besi yote inapotelea katikati. Kwa hiyo ule wembamba niliomlaania mtu wa Malindi wiki zote zile ulikuwa wa mikono yangu. Hilo sitamwambia.

Usiku ule tukaweka filamu yenye mvua. Ilianza kwa mbali upande wa dirisha, ikapita juu ya vichwa vyetu, na mama akainuka mbio kwenda juu kuanua nguo. Nilicheka mpaka machozi. Taarifa ya habari, kwa anayeuliza, haitoki nyuma, usikae ukaisubiri.

Kwa hiyo spika nazipa nyota nne kati ya tano. Duka sifuri. Hapana, nimekumbuka ile tepu, spika nazo ziwe tatu. Ingawa sasa hivi, ninavyoandika, zinaimba vizuri kweli.

Juzi nilikuwa Malindi kwa shughuli nyingine, nikapita pale. Akaniona. "Ee, mwana wa Amu, zinaimba?" Hata hakukumbuka aliyonifanyia. Nilikuwa na hotuba nzima kichwani, nimeipanga tangu Witu. Nikamwambia nipimie waya mita kumi.

Nyumbani nikaupima. Mita tisa.