Uso Mmoja, Rangi Mbili: Uzoefu Wangu wa Kuagiza Wanasesere kwa Fundi

Nina mabinti wawili. Mkubwa ni mweusi tii, mdogo amezaliwa na ualbino. Ukiwakuta wamelala ubavu kwa ubavu huhitaji kuambiwa kwamba ni tumbo moja: paji ni lile lile, pua ile ile, na ule mdomo wa chini uliojaa wameurithi wote wawili. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lililonipeleka kwa mafundi wa wanasesere wa kutengenezwa kwa mkono, wale wanaofananishwa na mtoto mchanga hasa, na ndiyo mizani niliyompimia kila fundi.

Wa kwanza nilimnunua kwa fundi ambaye sitamtaja. Tangazo lilisema "mtoto mweusi". Nilipofungua sanduku nilimkuta mtoto wa Kizungu aliyepakwa kahawia. Mtoto wa Kizungu hana kosa lolote; kosa ni kuchonga uso kwa kumtazama yeye, kisha kuumiminia rangi na kuuita wa mtoto mwingine. Na rangi yenyewe ilikuwa moja, kutoka utosini hadi unyayoni. Viganja kahawia, nyayo kahawia, hata kucha. Tena ilikuwa imepauka, ya kijivujivu, kama ngozi isiyojua mafuta. Binti yangu mkubwa alimfunua kiganja, akakitazama, akatazama chake, akamrudisha sandukuni bila kusema neno.

Kwa mdogo, karibu kila niliyemuuliza alinishauri nimchukulie tu mwanasesere wa Kizungu, eti rangi ni hiyo hiyo. Ushauri huo ulinichoma. Mwanangu si Mzungu. Ana sura ya dada yake na nywele za kipilipili kama za dada yake, ila mwili wake unatengeneza melanini, ile rangi ya asili ya ngozi na nywele, kidogo mno.

Kosa hili ni la siku nyingi. Mwaka 1967 kampuni ya Mattel ya Marekani ilitoa mwanasesere wake Francie kwa rangi nyeusi, lakini kichwa kilitoka kwenye kalibu ile ile ya Francie mzungu. Wala si kwamba njia nyingine ilikuwa haijulikani. Mwaka 1951, huko huko Marekani, Ideal Toy Company ilitoa mwanasesere aitwaye Sara Lee. Sara Lee Creech, mwenye wazo, alipiga picha za watoto Weusi, mchongaji Sheila Burlingame akachonga kwa kuzitazama, na Eleanor Roosevelt, mjane wa Rais Franklin Roosevelt, akakutanisha watu wa kuchagua rangi ya ngozi. Walianza na uso wa mtoto mwenyewe, rangi ikafuata.

Fundi niliyempata baadaye, ambaye ndiye ninayeandika habari zake hapa, alifuata mpango huo huo. Kabla ya kuzungumza malipo aliniomba picha. Zipigwe mchana, nje, kivulini, bila taa ya kamera, na karatasi nyeupe ionekane kando ya uso. Nilidhani ni usumbufu mpaka nilipozitazama picha zetu za zamani kwa jicho lake. Chini ya taa za ndani mkubwa amekuwa rangi ya chungwa, na kamera imeunguza uso wa mdogo kwa mwanga hadi pua haionekani. Ile karatasi inamwonyesha mwanga ulikuwaje, ili asije akapaka rangi ya taa akidhani ni rangi ya mtoto.

Akauliza tena: nyumbani mnaitaje rangi zao? Sikuwahi kuulizwa hivyo na muuzaji. Wengi wana orodha ya chokoleti, kahawa na karameli, na mnunuzi atajijua mwenyewe. Sina ugomvi na "maji ya kunde", tumelikuta na tunaitana hivyo kwa mapenzi, lakini neno la kuitana ndugu si lebo ya bidhaa. Fundi huyu anazipa rangi zake namba, na mbele ya namba anaandika kilicho chini ya ngozi: wekundu, umanjano, ubuluu.

Hapo kwenye "chini ya ngozi" ndipo nilipojifunza zaidi. Alinitumia vipande vinne vya vinili, ile plastiki laini ya wanasesere, alivyovipaka, nivishike kwenye mkono wa binti yangu. Kwa mbali vyote vilikuwa vyeusi. Kwenye mkono wake, viwili vilionekana kama masizi, kimoja kilikuwa cha buluu mno, na kimoja kilipotea kabisa ndani ya ngozi yake, nikalazimika kukitafuta kwa kidole. Hicho kilikuwa na wekundu kwa chini. Fundi alinieleza kwamba ukiichanganya rangi ya kahawia na nyeupe ili iwe nyepesi kidogo, ndipo inapopauka. Na ukitumia nyeusi tupu ya kwenye kopo, ngozi inakufa. Yeye giza analipata kwa kuchanganya kahawia nzito na buluu, na wepesi anaupata kwa kupaka tabaka nyembamba, kilicho chini kionekane. Rangi zake ni za kukaushwa kwa joto, kwa hiyo kila tabaka linaingia kwenye oveni kwa dakika chache, nyuzi kama 130 za Selsiasi, kisha linalofuata. Wa mkubwa alipata tabaka zaidi ya ishirini.

Viganja na nyayo ni vyepesi, na mistari ya kiganja imetiwa rangi kwa brashi ya unywele. Vifundo vya vidole vimekolea kuliko mgongo wa mkono. Mashavu hayana waridi. Yana damu ya mzee iliyopakwa nyembamba sana, unaiona ukimgeuza kwenye mwanga. Aliniuliza mtoto awe wa siku ngapi, kwa kuwa watoto wengi weusi huzaliwa na rangi nyepesi kuliko watakayokuwa nayo, na dalili iko kwenye ncha za masikio na pembezoni mwa kucha. Basi masikio yamekolea kuliko uso, kama yalivyokuwa ya binti yangu siku ya kwanza nilipompakata. Akaniuliza pia kama aweke lile baka la buluu la chini ya mgongo, ambalo watoto wengi wa Afrika na Asia huzaliwa nalo likafifia wanavyokua. Alisema baadhi ya wateja hulikataa wakidhani ni jeraha. Mimi nilisema liwepo.

Mwanasesere wa mdogo ametoka kwenye kalibu ile ile. Hilo niliomba mimi, na fundi alilielewa mara moja. Ngozi yake haina ule uwaridi wa mtoto mchanga wa Kizungu. Ina weupe wa maziwa wenye joto la manjano. Nyusi zipo, za rangi ya majani makavu, na nywele ni za rangi hiyo hiyo, zimejikunja.

Kasoro kubwa ilikuwa macho. Picha za kwanza alizonitumia zilionyesha macho mekundu. Nilikaa nazo siku nzima kabla ya kumjibu, maana sikutaka kumwandikia kwa hasira. Watu wenye ualbino kwa kawaida wana macho ya buluu, ya kijivu au ya kahawia nyepesi. Wekundu huonekana tu mwanga unapoangukia jicho kwa namna fulani na kurudi kutoka nyuma ya jicho. Macho mekundu ni ya hadithi za kutisha, na hadithi hizo zimewaumiza watu wengi. Nilimwambia hivyo hivyo. Hakubisha. Aliomba picha ya macho ya mwanangu kwa karibu, akatafuta ya kioo yenye kijivu kinachoelekea buluu, akayabadilisha bila kudai malipo ya ziada. Namshukuru, lakini mteja asiye na mtoto kama wangu angeyapokea yale mekundu bila kujua.

Siku wanasesere walipofika, mkubwa alikwenda moja kwa moja kwenye kiganja. Safari hii hakumrudisha sandukuni. Mdogo alimkagua wake kimya, kisha akaondoka, akarudi na kofia yake ya jua, akamvika. Ilimzidi hadi mabegani.

Mengine kwa ufupi. Uzito ni mzuri, shanga ndogo za kioo zimetiwa kwenye mwili wa kitambaa na kichwa kinaangukia mkononi kama cha mtoto mchanga. Kwa sababu ya shanga hizo hawa si wa kuachiwa mtoto anayetia kila kitu mdomoni. Sumaku ya kushikia chuchu bandia niliikataa, sumaku ikimezwa ni hatari. Msiwaanike juani, rangi hufifia.

Nywele ndizo zinazonisumbua bado. Ni manyoya ya mbuzi wa Angora, yameshonwa kwa sindano unywele baada ya unywele, kazi ya kuheshimiwa, lakini manyoya hayo kwa asili ni laini na yanalegea. Wiki ya tatu kipilipili cha mwanasesere wa mkubwa kilikuwa kimekuwa mawimbi. Nilimwandikia fundi, akajibu kwamba nimrudishie, atayakunja upya kwa kuyasokota na kuyapitishia mvuke kabla ya kuyashona. Nimekifunga kifurushi leo, na nimeandika juu yake kwamba aguse nywele tu, rangi aiache kama ilivyo.